"Maslahi ya umma" kwenye intaneti: huo umma ni nani, na sisi wa Kigoma tumo?

#1 Fundi wa Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za Jumapili, mwakeye kwa wale wa nyumbani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu asije akasema sikumwambia.

Mimi nina steshenari hapa Mwanga, natoa kopi, napiga chapa, najazia watu fomu za mtandaoni, na pembeni natengeneza tovuti ndogondogo. Miaka ya nyuma kuna kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa Kibirizi walinipa kazi, mfadhili wao alitaka wawe na tovuti yenye jina linaloishia .org kwa sababu wao ni kikundi sio kampuni, nikawafungulia, na kila mwaka nawakumbusha hela ya domeni, yaani ya hilo jina la tovuti. Juzi napeleka bili, mama mwenyekiti akavua miwani akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema jina hili ni letu? Sasa hii hela kila mwaka tunamlipa nani, na huyo naye kalipata wapi?"

Nikamjibu kama tunavyojibu mafundi wote, mama chukulia kama kodi ya fremu. Akasema fremu sawa, mwenye nyumba namjua, akinizingua naenda kwa mtendaji wa mtaa. Huyu wa kwenu nikimshtaki naenda wapi?

Nilikosa jibu wakuu. Nikarudi dukani, umeme ulikuwepo, nikakesha.

Nilichokikuta ni hiki. Majina yote yanayoishia .org yanasimamiwa na shirika moja la Marekani linaitwa Public Interest Registry, yaani jina lenyewe ni msajili wa maslahi ya umma, limeishika kazi hiyo toka 2003 na mama yake ni Internet Society, shirika lisilo la faida. Juu yao kuna ICANN, iliyoanzishwa 1998 huko California, ndio inayogawa nani asimamie .org, nani .com, nani .tz. Na katika makaratasi ya ICANN humo humo wanasema wanafanya kazi kwa maslahi ya umma wa dunia nzima. Kwa hiyo mimi, wewe na mama mwenyekiti tumo, kwa maandishi.

Sasa Novemba 2019 Internet Society wakatangaza kwamba wanaliuza hilo shirika la .org, na nyie mliokuwa mnatumia .org mjue mlikuwa mnauzwa humo ndani, kwa kampuni ya uwekezaji inaitwa Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135. Majina zaidi ya milioni 10, ya misikiti, makanisa, vyama vya wakulima, Msalaba Mwekundu, na dagaa wa Kibirizi. Halafu sikilizeni utamu wake, miezi michache kabla, mwaka huo huo 2019, ICANN walikuwa wameondoa kile kikomo cha kutopandisha bei zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Waliomba maoni ya watu kabla ya kuondoa, yakaja zaidi ya 3,000, karibu yote yanapinga, wakaondoa vilevile. Na kwenye upande wa wanunuzi mshauri mmojawapo alikuwa Fadi Chehadé, aliyewahi kuwa mkuu wa ICANN yenyewe. Sisemi kitu, nimeweka tu hapo.

Na sehemu ya hela ya kununulia ilikuwa mkopo, dola milioni 360, na deni lenyewe lingebebeshwa hilo hilo shirika la .org. Mtu anakopa kununua nyumba yako halafu deni anakuachia wewe mpangaji, maana msajili angelipa kwa hela ya nani kama sio yetu ya kila mwaka.

Watu walipiga kelele dunia nzima, Januari 2020 wengine waliandamana mpaka nje ya ofisi za ICANN Los Angeles. Lakini ukiuliza mimi kilichoigeuza ile meli ni barua. Aprili 2020 mwanasheria mkuu wa jimbo la California, Xavier Becerra, aliwaandikia ICANN akiwataka wakatae, na ICANN kwa kuwa wamesajiliwa jimboni kwake kama shirika lisilo la faida, yeye ana mamlaka ya kuwachungulia. Tarehe 30 Aprili 2020 bodi ya ICANN ikakataa.

Kwa hiyo jina la akina mama wa Kibirizi liliokolewa na ofisa wa serikali ya California ambaye hajawahi kuwasikia. Nilipofika hapo nikazima kompyuta. Ndo nauliza nyie wenye akili, hiyo "maslahi ya umma" inayoandikwa kila mahali ina maana gani, anaitafsiri nani, na sisi mlango wetu uko wapi?

#2 Migebuka2

Umeandika kama hotuba ya bajeti. Mwenye moyo afupishe.

#3 Kibonge wa Kibirizi

@Migebuka2 mwenye nyumba nusura auze nyumba na wapangaji ndani. Jirani wa mbali akapiga kelele, mwenye nyumba akashindwa kuuza. Basi.

#4 Kapteni Mstaafu

Fundi nakuheshimu ila kwangu hayo ni mambo ya watu walioshiba. Mimi nimekata hili ziwa miaka na miaka, Kibirizi mpaka Kalya, huko kusini kuna sehemu simu ni tochi tu na saa. Ukienda upande wa Kagunga ndo kituko zaidi, laini yako inadaka mtandao wa Burundi unapokea meseji ya kukukaribisha nchi ya watu na wewe umesimama kwenye mchanga wa Tanzania unavuta nyavu. Umma wa kwenye intaneti ni aliye na mnara. Asiye na mnara hata hajui kama anajadiliwa.

Nikupe na lingine. Mei 2024 tuliambiwa ziwa linafungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne zimekubaliana, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, samaki wapumzike wazaliane. Kwa maslahi ya umma. Nani anapinga samaki kuzaliana? Hakuna. Ila miezi mitatu ile mwenye friza alikuwa anakula na mwenye mtumbwi alikuwa anakopa dukani. Umma ulikuwa mmoja kwenye karatasi, kwenye sufuria ulikuwa umma wawili. Sasa kama ziwa tu, ambalo tunaliona kwa macho, maana yake imetushinda kukubaliana, hiyo intaneti isiyo na ufukwe mtaiweza?

#5 bintiUjiji

Kapteni umeua 😂 umma wawili kwenye sufuria

Ila swali langu kwa wataalamu, kwani hao ICANN ni Umoja wa Mataifa? Na Marekani wakitununia wanaweza kuzima intaneti ya Tanzania? Kuna mtu kijiweni aliapa kabisa kuna swichi.

#6 ticha_kasulu

Binti hapana, ICANN sio UN. Ni shirika binafsi lisilo la faida la kule California. Zamani lilikuwa linafanya kazi ile nyeti ya kutunza orodha kuu ya majina kwa mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani, mkataba huo uliisha tarehe 1 Oktoba 2016, toka hapo serikali ya Marekani haina sahihi ya mwisho. Lakini mahakama za California na sheria za Marekani bado zinawahusu kwa sababu ndiko walikosajiliwa, na Fundi kashatuonyesha kwamba hiyo inaweza kutusaidia siku moja, na siku nyingine sijui.

Swichi hakuna. Mfano mzuri, mwishoni mwa Februari 2022 Ukraine iliwaomba ICANN waifute .ru ya Urusi kwenye orodha. ICANN wakajibu hapana, kwamba kazi yao ni mfumo ufanye kazi kwa wote na hawakujengwa kutoa adhabu. Wengine walikasirika sana. Mimi nilifundisha hilo darasani kidato cha tano, nikawagawa wanafunzi makundi mawili wabishane, mpaka kengele ikalia hatujafika. Maana ukiwa Kyiv, Ukraine, maslahi ya umma ni kumkomesha aliyekuvamia, na ukiwa mgonjwa wa kule Urusi unayetafuta namba ya hospitali mtandaoni nawe ni umma.

Kwa upande wa UN walijaribu. Kulikuwa na mkutano mkuu wa dunia wa jamii habari, awamu ya kwanza Geneva 2003, ya pili Tunis 2005. Nchi nyingi zinazoendelea zilitaka mambo haya yatoke kwa Marekani yaende kwenye chombo cha mataifa. Marekani na wenzake wakakataa. Wakatoka na suluhu ya kiungwana, baraza la mazungumzo linaloitwa IGF, la kwanza Athens 2006, na Afrika Mashariki ilifika zamu yake Nairobi 2011. Serikali, makampuni, wanaharakati, mafundi, wote wanakaa meza moja kujadili. Kuamua hawaamui. Ni kama kikao cha harusi ambacho mweka hazina hayupo.

Na hapo ndo neno "wadau" lilipotushukia. Wazo si baya, kwamba serikali peke yake isishike intaneti, na makampuni peke yao wasishike. Tatizo ni nauli. Anayeweza kukaa wiki nzima hotelini Geneva mwezi huu na Kuala Lumpur mwezi ujao ni nani? Kampuni kubwa ina mtu ameajiriwa kazi yake ni hiyo tu. Kikundi cha dagaa kinamtuma nani?

#7 Kibonge wa Kibirizi

Kinamtuma Fundi, ila akirudi risiti.

#8 Wakili Pori

Nimefuatilia kimya kimya, ngoja nichangie kidogo, mimi sheria nimesoma ingawa siku hizi nalima mawese.

Hili neno lina makali pande mbili jamani. Fundi unalitafuta likukinge, lakini wengi wetu tumekutana nalo likiwa linatukata. Fungueni Katiba yetu, ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni na kuwasiliana, sawa. Nenda ibara ya 30, inasema sheria inaweza kuweka utaratibu ili haki za wengine au maslahi ya umma yasiathiriwe na matumizi mabaya ya huo uhuru. Kwenye karatasi ni busara tupu, hakuna nchi isiyo na kifungu kama hicho. Kwenye maisha inategemea nani kashika kalamu siku hiyo.

Mei 2025 mtandao wa X ukaacha kufunguka nchini, tukaja kuambiwa ni kwa ajili ya maudhui ya ngono yasiyoendana na maadili. Mwisho wa mwezi huo huo Dar es Salaam ikapokea wageni wa jukwaa la Afrika la utawala wa intaneti. Wageni wanatoka viwanja vya ndege na simu zao kujadili intaneti iliyo wazi na wanaanza kuulizana VPN gani inashika. Halafu Oktoba 29, siku ya uchaguzi, mnakumbuka wenyewe, data ilizimika nchi nzima siku kadhaa. Mwenye duka la miamala hapa kwetu alikaa anaangalia ukuta.

Sasa muulize aliyezima, atakwambia usalama, maslahi ya umma. Muulize mama aliyeshindwa kutumiwa hela ya dawa, naye atakwambia maslahi ya umma ni yeye. Ndo maana mimi nasema neno lisilo na tafsiri iliyoandikwa ni hatari, liwe la Dodoma au la Los Angeles. Liandikwe, vigezo vijulikane, mtu aweze kwenda mahakamani nalo.

#9 Migebuka2

Wakili punguza mwendo, tunapenda uzi huu ubaki.

#10 Mtu wa Ruta

Hamjambo. Mimi nafunga mitandao, mahoteli, taasisi, shule, Kigoma Kasulu Kibondo. Mnaongelea majina tu, njooni kwenye namba ambako moto unawaka zaidi na watu hawajui.

Kila kifaa kwenye intaneti kinahitaji anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha. Zile za kizamani, IPv4, ziko bilioni 4.3 tu duniani na zimekwisha, hazina kuu iligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Kila kanda ya dunia ina mgawaji wake. Wa kwetu ni AFRINIC, ofisi ziko Morisi, ametambuliwa rasmi 2005. Afrika tulichelewa kuunganishwa kwa hiyo tulichelewa kuchukua, na kwa kuwa tulichelewa kuchukua ndo tukawa tumebaki na akiba wakati wenzetu wameishiwa. Mnaelewa kinachofuata. Jumba la mahindi likiwa limejaa huku kijiji kizima kina njaa, panya nao wanajua njia.

2019 ikabumburuka kwamba anwani zaidi ya milioni 4 zilichotwa kwa kuchezea kumbukumbu, na mkono ulikuwa wa ndani. Anwani moja sokoni ilikuwa dola 20 mpaka 30, baadae ikafika hata 50. Pigeni hesabu wenyewe.

Halafu kesi nyingine, hii ni tofauti msije mkachanganya, kuna kampuni ya Cloud Innovation iliyosajiliwa Shelisheli ilipewa anwani milioni 6 na ushee. AFRINIC wakasema mnazitumia nje ya masharti, nje ya Afrika, tunazirudisha. Kampuni ikasema tulipewa kihalali na mkataba hauzuii, twendeni mahakamani. Julai 2021 mahakama ya Morisi ikafungia akaunti za benki za AFRINIC, mgawaji wa bara zima akawa hana hela ya mshahara. Bodi ikakosa akidi, hakuna mkurugenzi, 2023 akawekwa msimamizi wa mahakama, Juni 2025 uchaguzi ukafanyika ukafutwa, Septemba 2025 ukarudiwa ndo ikapatikana bodi. Miaka yote hiyo mtoa huduma mdogo akiomba anwani anazungushwa.

Sasa jibu langu kwa Wakili. Pale sheria ilikuwepo, mkataba ulikuwepo, umeandikwa, na mahakama ilikuwepo na ilitumika sana tu. Mwenye mawakili wengi ndo aliyeitumia. Ukiandika vigezo umempa na yeye kigezo.

Na mnaosema haya ni ya walioshiba, simu yako wewe Kapteni inachangia anwani moja na simu nyingi sana za watu usiowajua. Mmoja wao akifanya uhuni kwenye tovuti fulani, tovuti inaifungia anwani, na wewe humo. Ukiambiwa "umezuiwa" na hujafanya kitu, ni kama kulala lodji chumba cha watu kumi, mmoja kaiba shuka mnapekuliwa wote.

#11 Kapteni Mstaafu

Aaah kumbe! Mimi nilidhani nimerogwa. Kuna tovuti ya hali ya hewa ilinikataa wiki nzima, bora ningeangalia mawingu tu kama zamani.

#12 Asali Mbichi

Natokea Tabora wakuu, nauza asali ya Sikonge, nimeingia kwa bahati nikanogewa.

Nina hofu moja. Hii raundi mpya ya kuomba miisho ya majina, ICANN wamefungua 2026, ada ni dola 227,000 kwa ombi. Ya 2012 ilikuwa 185,000. Sasa akija tajiri huko aliko akaomba .tanganyika awe anauza, nani anamzuia? Mnajua ya Amazon? Kampuni iliomba .amazon 2012, Brazil na Peru wakasema huo ni mto wetu, msitu wetu, watu wetu. Ukapigwa danadana miaka, kamati ya wawakilishi wa serikali mbalimbali ndani ya ICANN ikashauri wakataliwe, bodi ikakataa 2014, kampuni ikakata rufaa kwenye jopo huru ikashinda 2017, na 2020 .amazon ikawa ya kampuni. Lakini Patagonia, hawa wa makoti, Argentina na Chile walipokuja juu wenyewe wakaondoa ombi 2013. Sheria hizohizo, raundi hiyohiyo.

Na lugha je? Hiyo mikutano ya ICANN inatafsiriwa kwa lugha sita za UN. Kiswahili chetu na mamilioni yake yote hakimo. Juni 2024 wamekutana Kigali, Kigali jamani, nyie wa Kigoma hapo ni basi mbili na usingizi mmoja, nani alijua?

#13 bintiUjiji

Mimi nilikuwa Kigali mwezi huo huo kununua vitenge 🤦🏾‍♀️ nikashangaa mbona mahoteli bei juu

#14 ticha_kasulu

Asali, kwa .tanganyika usiwe na presha sana, majina ya kijiografia yana utaratibu na serikali zinaweza kupinga kupitia kamati yao. Ila angalia, hiyo kinga ni serikali ikiamka. Ziwa lina nchi nne. Ukitaka jibu la haraka uombe zote nne zisome barua siku moja.

Na kwa faida ya wanaotaka mlango, pale ICANN kuna upande wa watumiaji wa kawaida, unaitwa At-Large, Afrika ina tawi lake. Kujiunga hulipi, mikutano mingi ni kwa mtandao. Wanatoa ushauri kwa bodi. Bodi inaweza kuusikiliza au kuuweka kabatini. Nimeshawahi kuingia mkutano wao mmoja kwa simu, bando la GB 1 likaisha wakiwa bado wanasoma ajenda.

#15 Fundi wa Mwanga

Nilikuwa nimebanwa na kazi, kuna watu wa mikopo ya chuo wamejaa dukani. Nimesoma zote.

Kapteni la ziwa umenigusa pabaya, maana mimi nilikuwa natetea ule ufungaji na bado nautetea. Lakini nikumbushe kitu, kabla ya kufunga kulikuwa na mikutano ya BMU, vile vikundi vya kusimamia mialo, hukohuko kwenye mialo, watu walisimama wakaongea, wengine walitukana kabisa. Hawakushinda. Ila aliyekuja kutangaza aliondoka anajua sura za aliowafungia, na mwaka uliofuata zile sura alizikuta palepale. Kwenye .org wale zaidi ya 3,000 walioandika maoni hawakuonekana sura, ndo maana ilikuwa rahisi kuwapita.

Wakili nilianza nikiwa upande wako, nikidhani wakiandika tafsiri mambo yatakaa sawa. Nilivyosoma ya Mtu wa Ruta nimesita. Kule AFRINIC karatasi zilikuwepo, zikawaponza. Kule .org hakukuwa na tafsiri yoyote ya maslahi ya umma, kulikuwa na mtu mmoja mwenye haki ya kubisha hodi na kudai majibu, akabisha. Mimi sasa hivi nikipewa kuchagua kimoja, nachagua wa kubisha hodi. Tafsiri mtanipa baadae. Na shida yangu ndo ipo hapo, huyo wa California anawajibika kwa wapiga kura wa California, ilitokea tu siku ile maslahi yao na ya Kibirizi yakakaa upande mmoja wa mtumbwi.

#16 Wakili Pori

Sikubali moja kwa moja. Huyo aliyebisha hodi alibisha kwa kutumia nini? Kwa sheria ya mashirika yasiyo ya faida, iliyoandikwa. Bila maandishi angekuwa raia mwenye hasira kama wewe.

#17 Fundi wa Mwanga

Hapo umenipata. Nimekaa.

Ila sheria iliyompa mamlaka haikuwa ya umma wa dunia, ilikuwa ya jimbo moja. Yale mazuri ya dunia nzima hayakuwa na askari.

#18 Kapteni Mstaafu

Kama mkataba wa ziwa. Nchi nne zimesaini toka 2003, ofisi iko Bujumbura. Mwizi wa nyavu akivuka mpaka katikati ya maji mwite huyo wa Bujumbura usiku ule.

Halafu Ruta na Ticha mmesahau waya. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ililala nchi nzima, kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zimekatika kule chini karibu na Durban. Wajukuu wangu walijua serikali, wengine wakasema kampuni ya simu. Zile nyaya ni mali ya nani, na nani anapanga wapi ipite na nani aunganishwe kwanza zikikatika? Hilo nalo sio maslahi ya umma? Mnaongea majina, chini ya maji kuna kamba.

#19 Mtu wa Ruta

Kapteni hiyo ni uzi wake peke yake. Kwa ufupi ni miungano ya makampuni ya simu, na nyingine wawekezaji binafsi. Meli za kutengeneza ni chache mno duniani, unasubiri foleni. Na mkongo wa taifa wa nchi kavu upo, ila ukifika Dar baharini kumekatika unabaki unaongea na Dodoma tu.

Kwa minara, tuwe wakweli, kuna kitu kimefanyika. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 vijijini mwaka 2023, serikali inaweka ruzuku ili kampuni iende ambako faida haipo. Mimi kwangu hiyo ndo maslahi ya umma unayoweza kuigusa kwa mkono. Kibaya mnara ukifika, mafuta ya jenereta yakiisha, ni hadithi nyingine, kuna mmoja naujua unakufa kila Ijumaa, siutaji.

#20 Migebuka2

Mimi niliyetaka ufupisho nimesoma yote mpaka ugali umeungua.

#21 Asali Mbichi

Fundi turudishe kwa mama. Ulimjibu nini?

#22 Fundi wa Mwanga

Samahani kwa kupotea siku mbili. Nilikwenda Kibirizi jana jioni, dagaa wanaanuliwa, nikakaa kwenye ndoo nikamweleza mwanzo mwisho, kwa Kiha na Kiswahili kwa kuchanganya kwa sababu "maslahi ya umma" kwa Kiha nilihangaika nayo.

Akasikiliza. Akauliza, "Kile kikomo cha bei walichokitoa, wamekirudisha?" Nikamwambia hapana mama, mauzo yalikataliwa lakini kikomo hakikurudi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchanga kwenye dagaa, halafu akauliza tena, "Mtu anaruhusiwa kulipa mbele miaka mingapi?" Nikasema mwisho miaka 10. Akamwita mweka hazina.

Wakuu, mimi nimekesha na mikutano ya Tunis na Geneva, mama kaenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho hata mimi fundi sikukiwaza. Wamelipa miaka mitano, kumi hela haikufika. Nimeprinti risiti wameibandika ofisini kwao pembeni ya cheti cha usajili.

Na yule ofisa wa California alitaka kujua kama anakula dagaa, anasema mtu amekusaidia bila kukujua haifai kumkalia kimya. Kanifungia kilo mbili. Ziko dukani hapa, sijui nizipeleke wapi.

#23 Kibonge wa Kibirizi

Dukani unafunga saa ngapi?